Kifua kinabana, unakohoa wiki nzima? Haya ndo utakutana nayo kwa daktari (mkamba / bronkaitisi)

BintiUnyanyembe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi. Niko Tabora mjini, kazi yangu ushonaji, na huu uzi naandika kwa sababu mwezi wa 7 niliumwa kifua mpaka nikawa nalala nimekaa na mito mgongoni. Niliyoyajua ndani ya chumba cha daktari natamani ningeyajua siku ya kwanza, ningeokoa hela na tumbo langu lisingechafuka bure. Ni mrefu, mnivumilie.

Mnaokaa huku mnaijua Julai yetu, asubuhi baridi kavu mpaka midomo inapasuka, mchana jua, upepo unapuliza vumbi linaingia hadi kwenye kabati la vyombo. Mi nilianza na mafua ya kawaida, makamasi, koo linawasha, nikaona yatapita. Siku ya 3 makamasi yakakata ila kikohozi kikashuka kifuani, kwanza kikavu kinakwaruza, halafu yakaanza kuja makohozi na asubuhi yanatoka ya kijani kabisa. Mbavu zinauma kama nimeshinda nabeba tofali. Ilikuwa msimu wa sare za shule, mi niko kwenye cherehani kikohozi kikija mguu unakanyaga wenyewe na mshono unaenda pembeni, kuna sketi moja nimeifumua mara 2.

Sasa ule ukijani ndo ulinitisha. Nikaenda zahanati moja ya mtaani, jina silitaji. Aliyenipokea hakugusa kifua changu wala hakuniuliza kama nina homa, aliuliza kitu kimoja tu, "makohozi rangi gani?" Nikasema kijani. Akasema basi hiyo infeksheni, nikaandikiwa sindano za siku 3 na vidonge vya rangi mbili, yaani antibayotiki, dawa za kuua bakteria. Sindano ya kwanza nikachoma, vidonge nikameza siku 2, tumbo likaanza kuharisha na kikohozi kiko palepale hakijasogea hata hatua. Dada yangu anayekaa Ipuli alipokuja kunijulia hali akanikuta nahema, akasema kesho asubuhi tunaenda hospitali kubwa na sitaki ubishi.

Tukaenda. Mapokezi ni kama mnavyojua, jina, umri, unakaa mtaa gani, bima au taslimu, wanafungua faili unakaa benchi. Ila kabla ya daktari kuna nesi anakupima na hiyo hatua msiipuuze, maana nusu ya majibu yanaanzia pale. Alipima presha, joto, akashika mkono akahesabu mapigo, halafu akachukua kale kadude ka kubana kidoleni kanakosoma oksijeni. Mi nilikuwa nimepaka rangi nyeusi kwenye kucha, kadude kanatafuta namba tu kanakosa. Akatoa pamba akachovya dawa ya kufutia, akafuta kidole kimoja taratibu huku ananiambia rangi nzito inaweza kufanya kipimo kisome vibaya, siku nyingine ukija unaumwa kifua njoo na kucha hazina kitu. Akabana tena, 97. Akasema hapo uko vizuri, oksijeni haijashuka.

Daktari kijana tu, ana sauti ya chini. Maswali aliyoniuliza nayaandika hapa ili mkienda muwe nayo kichwani, mi mengine nilibabaika kujibu. Kikohozi kimeanza lini hasa, siku ngapi, kilitanguliwa na mafua au la. Homa ipo, ilifika ngapi, inapanda usiku? Unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowa, umekonda? Umewahi kutema damu? Kifua kinauma muda wote au ukikohoa tu, na kinauma upande mmoja? Unapanda ngazi unaishiwa pumzi? Nyumbani kuna mtu mwingine anakohoa, kuna aliyewahi kutibiwa TB? Una pumu, au utotoni ulikuwa nayo? Unavuta sigara, unapikia nini, kuni au mkaa, jikoni kuna dirisha? Hali yako ya VVU unaijua? Una mimba au unanyonyesha? Halafu likaja swali lililonishangaza, unatumia dawa gani kwa sasa, hata za presha, hata za kienyeji. Akasema kuna dawa za presha zenyewe zinaleta kikohozi kikavu, mtu anatibiwa kifua miezi kumbe ni kidonge anachomeza kila asubuhi.

Hapo ndo nikamwambia ile habari ya sindano na vidonge. Niliona aibu kidogo nikidhani atanigombeza. Hakugomba, aliandika tu. Naombeni msifiche, akijua umeshameza nini anajua pa kuanzia.

Akanishika mkono kama anahesabu mapigo tena, kimya. Mi najua anahesabu mapigo. Kumbe macho yake yako kwenye kitenge changu pale kifuani kinavyopanda na kushuka, anahesabu pumzi dakika nzima. Baadaye akanieleza kwamba mtu akijua unamhesabia pumzi anabadilisha, ndo maana hasemi. Nilikuwa 18. Mtu mzima aliyetulia ni 12 mpaka 20 hivi, ikizidi 24 anaanza kufikiria nimonia.

Kisha kile kipimo cha masikioni, cha baridi hicho, mgongoni kulia, kushoto, juu, chini, ubavuni, kila anapokiweka "vuta ndani kwa mdomo, toa". Pembeni kikohozi kinanijia nakizuia, akasema usizuie, kohoa halafu vuta tena. Anachotafuta ni sauti. Kama kuna sehemu moja hewa haipiti vizuri au inalia kama chumvi kwenye kikaango, hiyo inaelekea nimonia. Kama inalia filimbi kote, njia zimebana kama za mtu wa pumu. Changu kilikuwa kinakoroma huku na huku na nikikohoa sauti inahama, akasema ni makohozi yako kwenye mirija mikubwa, yenyewe mapafu ni mazima.

Kwa vile nilisema nilihisi homa kidogo usiku akaniandikia kipimo cha haraka cha malaria, kidole kikachomwa, majibu kama dakika 20 hivi, hakuna kitu. Eksirei hakuniandikia. Dada yangu akamuuliza kabisa, mbona hampigi picha? Akajibu kwa upole kwamba joto lake 37.4, mapigo 88, pumzi 18, kifuani hakuna eneo moja lililozuiwa, picha ikipigwa leo haitabadilisha matibabu, ila kimojawapo kingekuwa juu ningempeleka.

Jibu: mkamba, kwenye faili kaandika bronkaitisi. Yaani ile mirija inayopeleka hewa kwenye mapafu imevimba kwa ndani na inatoa ute. Zaidi ya mara 90 kwa 100 ni virusi, vilevile vya mafua, na antibayotiki haiui virusi. Nikamuuliza na ule ukijani? Akasema rangi inatoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopigana pale, zikipigana na virusi ukijani unatoka, zikipigana na bakteria unatoka, kwa hiyo rangi peke yake haimwambii kitu. Wakuu hii sentensi ingenifikia wiki moja kabla!

Halafu akaniambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba kikohozi cha mkamba kinachukua wastani wa siku 18, kwa wengi wiki 2 mpaka 3. Sisi tunahesabu siku 7, ikipita ya 7 tunasema dawa haijafanya kazi tunabadilisha, tunaenda duka lingine, tunaongeza. Mi siku ile nilikuwa ya 9, niko katikati ya safari nadhani nimepotea njia. Antibayotiki kwa mtu kama mimi ingepunguza kama nusu siku tu, na kuharisha juu.

Akaniandikia parasetamoli ya maumivu basi. Maji mengi na uji wa moto, nilale kichwa kikiwa juu, nikae mbali na moshi, na asali kijiko usiku kabla ya kulala, akasema tena uko Tabora asali ya miombo unayo mlangoni. Na zile sindano 2 zilizobaki nisichome. Dada yangu hakuridhika kabisa, kutoka pale mpaka stendi ananung'unika tumekaa foleni masaa 4 tunarudi na panado. Namuelewa, kwetu hospitali ni dawa, ukirudi mkono mtupu unaona hukutibiwa. Ila mi kichwani nilikuwa na kitu kizito kuliko mfuko wa vidonge, nilijua sina nimonia, sina malaria, na najua nisubiri mpaka lini.

Maana alinipa na mpaka. Ukitema damu, ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, homa ikipanda au ikikata halafu ikarudi, kifua kikichoma upande mmoja ukivuta pumzi, rudi siku hiyohiyo hata usiku. Na kama kikohozi kitafikisha wiki 2 bila dalili ya kupungua njoo tupime makohozi, kwa sababu hapa kwetu mtu aliyekohoa wiki 2 anapimwa TB, haijalishi anajisikiaje.

Siku ya 12 kikaanza kulegea, ya 14 nalala kitanda kizima, ya 20 kimebaki cha asubuhi tu. Leo sina. Karibuni mchangie, hasa wenye watoto na wazee.

---

Mwanareli77

Dada pole sana na asante kwa uzi. Ila mi nipingane kidogo, mwaka jana nilikohoa siku 10 nikameza amoksilini nikapona siku ya 3. Sasa hapo utasema haikufanya kazi?

---

BintiUnyanyembe

Mkuu asante. Sisemi hukupona, nasema hesabu siku, 10 ukiongeza 3 ni 13, ulikuwa unaelekea kupona hata ungemeza maji. Na mi nilimuuliza daktari swali kama lako, akasema shida siyo wewe kupona, shida bakteria waliomo mwilini wanaizoea ile dawa, siku ukipata nimonia ya kweli unaimeza na haishiki. Hilo ndo linaniogopesha mimi.

---

NesiWaZamu

Niongezee kwenye watoto maana OPD (kwa wagonjwa wa nje) naona mengi. Mtoto anakohoa, kina mama wengi wanaangalia kikohozi, sisi tunaangalia pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya, weka simu ihesabu dakika 1 nzima. Chini ya miezi 2 akifika 60 ni hatari. Miezi 2 mpaka 11, 50. Mwaka 1 mpaka 5, 40. Kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa, au hanyonyi, anatapika kila kitu, analala hashtuki, midomo imekuwa ya bluu, usisubiri asubuhi, mlete.

Mdogo hivyo akikohoa na kuhema ni kawaida kuwa kitu kingine siyo mkamba wa watu wazima, kwa hiyo msimpe dawa mliyobakiza nyumbani. Asali ni nzuri lakini chini ya mwaka 1 HAPANA, hata ya kulamba kidoleni, inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu kwenye utumbo wa mtoto mchanga. Dawa za kikohozi zenye kodeini pia siyo za watoto. Na kujifukiza, jamani, nimepokea mtoto ameungua mapaja mawili kwa sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi. Mtoto msimfukize.

---

mama_wawili_Isevya

Nesi ubarikiwe. Hiyo ya kuhesabu nimeifanya sasa hivi kwa wangu wa miaka 3 anakohoa tangu juzi, 31, anacheza. Roho imetulia.

---

KijanaWaKasulu

Huku Kigoma mkikohoa na homa kitu cha kwanza mtu anasema ni malaria, na kweli malaria ipo sana huku. Ila nilichojifunza kwa baba mdogo ni kwamba kipimo cha malaria kikisoma hakuna usikubali kuandikiwa mseto (dawa ya malaria) ukarudi nyumbani, na kikisoma ipo usikubali waache kusikiliza kifua. Yeye alikuwa nayo na nimonia juu, alitibiwa malaria peke yake, siku ya 4 akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka tukamkimbiza usiku. Ana miaka 71. Kwa wazee homa inaweza isiwe kubwa, unachoona ni kuchanganyikiwa na kukataa chakula.

---

NesiWaZamu

Kaka umesema jambo zito. Mzee akianza kupoteza maneno huku anakohoa hiyo ni dharura.

---

MtotoWaUrambo

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote nikaona bora niulize. Mama yangu ana miaka 58, anakohoa wiki ya 4 sasa, kikavu, hakuna makohozi ya maana, hana homa, hajakonda. Tunalima tumbaku na miaka yote yeye ndo anakesha na moto kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku) wakati wa kukausha, kwa hiyo nyumbani wote tunasema ni moshi. Ameshameza rangi mbili dozi 2, na sirapu chupa 3. Je huu ni mkamba?

---

BintiUnyanyembe

Marahaba mdogo wangu, poleni sana. Mi siyo daktari, ila wiki 4 imeshavuka ule mpaka niliopewa mimi. Mpeleke akapimwe makohozi, vipimo vya TB na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali, kwa hiyo hela isiwe sababu. Na anatumia dawa yoyote ya kila siku? Mkienda beba mfuko wote wa dawa zake uweke mezani, msizitaje kwa kukumbuka.

---

NesiWaZamu

Na kuhusu kikopo cha makohozi, watu wanatema mate tunarudisha. Asukutue kinywa kwa maji asubuhi kabla ya kula, atoke nje kwenye hewa wazi mbali na watu, avute pumzi ndefu mara 2 au 3, halafu akohoe kutoka chini kabisa. Kikohozi kikiwa kikavu asikate tamaa aseme, watamsaidia.

Moshi wa bani usiupuuze pia. Mtu anayekohoa na makohozi miezi 3 kwenye mwaka, miaka 2 mfululizo, huo ni mkamba sugu na matibabu yake ni mengine kabisa. Daktari lazima aujue huo moshi, na miaka mingapi.

---

Mwanareli77

Dada nimerudi. Nimehesabu, kweli ilikuwa 13. Swali, wewe ulipokuwa unaumwa waliokuzunguka hawakupata?

---

BintiUnyanyembe

Binti yangu alipata mafua, kwake yaliishia puani, hayakushuka. Daktari aliniambia nikoholee kwenye kiwiko siyo kiganjani, maana kiganja hichohicho kinashika kitambaa cha mteja, ninawe mikono kwa sabuni, na dirisha la chumba cha cherehani likae wazi hata kama vumbi linaingia.

---

MtotoWaUrambo (baada ya siku 6)

Wakubwa nimerudi na majibu kama mlivyoniambia. Makohozi yamepimwa, hakuna TB. Wamepiga picha ya kifua kwa sababu ya wiki nyingi na moshi, iko safi. Nilibeba mfuko wote wa dawa nikamwaga mezani, kulikuwa na parasetamoli, vidonge vya tumbo, karanga 2 na karatasi ya enalapril ambayo mama alianzishiwa ya presha mwezi wa 5. Daktari akaichukua akaigeuza akauliza kikohozi kilianza kabla ya hii au baada. Mama akakaa kimya akihesabu kwa vidole, akasema baada.

Amembadilishia akampa losartan, amesema asiache kumeza dawa ya presha hata siku moja ila hii mpya ndo ya kumeza, na kikohozi kinaweza kuchukua wiki 1 mpaka 4 kuisha. Amemwambia pia kazi ya bani mwaka huu afanye mtu mwingine. Hapo mama hajakubali bado, tunaendelea kuongea naye.

Jana usiku amekohoa mara 2 tu. Nilikuwa macho, nimehesabu.